Gari likikataa mlima wa Bugarama: Pima kwanza, nunua kipuri baadaye

UKITAKA kuujua ukweli wa injini ya gari mjini Bujumbura, usiipime kwenye barabara za katikati ya mji, wala kwenye ile inayofuata ukingo wa Ziwa Tanganyika kuelekea Rumonge. Huko kote ni tambarare, na hata gari gonjwa linaweza kujifanya zima. Ukweli hujitokeza pale gari linapouacha mji na kuanza kuipanda barabara kuu namba moja, maarufu kama RN1, kuelekea Bugarama.

Bujumbura iko katika mwinuko wa kama mita 800 kutoka usawa wa bahari. Bugarama, iliyo umbali wa kilomita 35 hivi, iko juu ya mita 2,000. Kwa hiyo katika safari fupi tu gari hupandishwa zaidi ya mita 1,200, kona baada ya kona, likiwa na abiria, magunia au mali ya kwenda Kayanza, Ngozi, Muyinga na hatimaye mpakani Kobero. Hapo ndipo injini iliyokuwa ikinguruma vizuri mjini huanza kukohoa, kutoa moshi, kuchemsha au kuishiwa nguvu kabisa.

Kwa mfanyabiashara wa mpakani, hiyo si kero ndogo. Nyanya zikilala njiani zinaoza, na abiria akishushwa mlimani hudai nauli yake. Kwa aliyerejea nchini baada ya miaka ya ukimbizi, jambo hilo ni zito zaidi. Kati ya mwaka 2002 na 2009 Warundi zaidi ya nusu milioni walirejea nyumbani, wengi wao kutoka Tanzania, na kuanzia Septemba 2017 wengine wengi wakarejea kutoka kambi za Nyarugusu, Nduta na Mtendeli. Miongoni mwa waliorejea wapo walioweka akiba yao yote katika gari moja kuukuu la Kijapani ili liwe teksi au gari la mizigo. Gari hilo likikataa mlima, ni mtaji mzima uliokataa.

Tatizo ni kwamba gari linapopoteza nguvu, wengi wetu hukimbilia kununua kipuri. Leo plagi, kesho pampu ya mafuta, keshokutwa koili, na wiki ijayo tunaambiwa injini imekufa. Fedha imekwisha na ugonjwa bado upo. Makala haya yanaeleza jinsi ya kuutafuta ugonjwa kwa utaratibu, kuanzia vipimo visivyogharimu kitu, kabla ya kufungua pochi.

Je, ni injini kweli?

Swali la kwanza ni hilo, na ndilo linalosahaulika zaidi. Gari linaweza kuwa zito wakati injini haina kosa lolote.

Anza na matairi. Upepo ukiwa mdogo gari huvuta kwa shida. Kisha angalia breki. Baada ya mwendo wa dakika 15 bila kukanyaga breki mara nyingi, simama na usogeze kiganja karibu na kila ringi bila kuigusa. Ukiona moja ina joto kali kuliko nyingine, breki ya gurudumu hilo imeshika na haiachii. Injini inavuta gari na breki pia.

Halafu angalia klachi. Gari likiwa mlimani kwa gia ya tatu au ya nne, kanyaga mafuta. Mlio wa injini ukipanda lakini mwendo usiongezeke, klachi inateleza. Hapo ukibadilisha plagi mara kumi hutapata nafuu. Kwa gari la gia za kujiendesha dalili ni ileile, isipokuwa cha kutazama kwanza ni kiasi na rangi ya mafuta ya gia. Yakiwa meusi yenye harufu ya kuungua, gia zenyewe zina ugonjwa.

Mlima nao huchukua sehemu yake

Jambo la pili ni kutofautisha ugonjwa na hali ya nchi. Injini huchoma mafuta kwa msaada wa hewa, na hewa ya Bugarama ni nyepesi kuliko ya Bujumbura. Injini isiyo na turbo hupoteza takriban sehemu moja kati ya saba ya nguvu zake kwa sababu ya mwinuko peke yake. Inayotoa nguvu za farasi 100 ikiwa ziwani itafika Bugarama ikitoa kama 86. Yenye turbo hupoteza chini ya hapo au hata isihisi, kwa kuwa turbo huisukuma hewa kwa nguvu.

Upungufu huo una alama zake. Huja polepole kadiri unavyopanda, hauna mtikisiko, hauwashi taa yoyote, na nguvu hurudi unaposhuka. Ukiona gari linakohoa, linatetema, linatoa moshi au limewasha taa ya injini, huo si mwinuko. Vilevile kama wiki iliyopita gari lilipita kona fulani kwa gia ya tatu, na leo kwa mzigo uleule linadai gia ya pili, kuna kilichobadilika ndani yake.

Kwa sababu hiyo, dereva anayepanda mlima huu kila wiki ana kipimo ambacho wengi hawana. Awe na daftari dogo. Aandike mahali anapolazimika kupunguza gia, uzito wa mzigo, mshale wa joto ulipofika na lita alizotumia. Baada ya safari nne au tano atakuwa na kumbukumbu inayomwambia gari limeanza kudhoofika lini, mapema kabla halijamwacha barabarani.

Magari ya zamani yenye kabureta yana jambo lao la ziada. Kabureta haijui kuwa iko mlimani. Huendelea kumwaga mafuta yaleyale huku hewa ikipungua, hivyo gari hutoa moshi mweusi na kula mafuta mengi. Magari yenye nozeli na kompyuta hupunguza mafuta yenyewe, mradi vipima hewa na vipima joto vyake, ambavyo mafundi huviita sensa, viwe vizima.

Vitu vinne ambavyo injini huvidai

Injini ya petroli hudai vitu vinne tu: mafuta, hewa, cheche na mgandamizo ndani ya silinda. Vyote vije kwa wakati wake, na moshi upate njia ya kutoka. Karibu kila ugonjwa wa nguvu uko katika mojawapo ya hayo. Kazi ya kupima ni kuyaondoa moja baada ya jingine, ukianza na lililo rahisi.

Kwa wasomaji waliokulia Ulyankulu, Katumba, Mishamo au Kigoma, neno kuhusu lugha ya gereji. Mtaa wa Buyenzi, wenye sifa kwa mafundi wake na kwa Kiswahili chake, umechukua maneno mengi ya Kifaransa. Plagi huko ni buji, koili ni bobini, petroli ni esansi na dizeli ni mazutu. Anayeomba plagi akaletewa buji asidhani ameuziwa kitu kingine.

Mafuta: chupa na karatasi

Siku hizi mafuta yanastahili kutiliwa shaka kabla ya kitu kingine. Uhaba wa fedha za kigeni uliifanya Burundi ikose mafuta mara kwa mara, hasa kuanzia mwaka 2022, na watu wengi wakazoea kununua ya madumu na chupa yaliyovushwa kutoka Kongo au Tanzania. Mafuta yaliyopita mikono mitano yanaweza kuwa na maji, vumbi la madumu, au kuchanganywa na mafuta ya taa.

Kipimo cha maji ni chupa nyeupe ya kioo. Mimina mafuta humo, yaache yatulie kwa dakika 15, kisha yatazame kwenye mwanga wa jua. Maji ni mazito kuliko petroli, hivyo hukaa chini na mstari huonekana wazi. Kipimo cha mafuta ya taa ni karatasi nyeupe. Dondoshea tone moja, liache likauke kivulini. Petroli safi huruka bila kuacha alama ya maana, lakini mafuta ya taa huacha doa la utelezi. Fanya hivyo mbali na moto na sigara, na usiweke madumu ya petroli katika nyumba wanamolala watu.

Petroli yenye mafuta ya taa huonekana zaidi mlimani. Utasikia injini inagonga kama misumari inayotikiswa ndani ya kopo, hasa ukikanyaga mafuta kwa gia kubwa. Ukisikia hivyo punguza gia na uache kulilazimisha gari, kwani mgongo huo unaweza kutoboa pistoni.

Ugonjwa wa pili wa mafuta ni kutofika kwa kiasi kinachotakiwa. Gari huwaka vizuri, hutulia vizuri likiwa limesimama, hutembea vizuri mjini, lakini likidaiwa nguvu mlimani hulegea. Ukiliondolea mguu kidogo hupata nafuu, ukikanyaga tena hulegea tena. Hiyo ni dalili ya filta iliyoziba au pampu iliyochoka. Usinunue pampu kwa kubahatisha. Mwombe fundi afunge geji ya kupima msukumo wa mafuta. Kwa injini ya Toyota 1NZ, iliyomo katika Probox nyingi, msukumo unaotakiwa ni kama baa 3 hadi 3.5. Ukiwa sawa na usishuke gari linapodaiwa nguvu, pampu haina kosa.

Tabia ya kutembea na tenki lililokaribia kukauka, ambayo uhaba umeifanya iwe ya kawaida, nayo ina gharama. Katika magari mengi pampu imo ndani ya tenki na hupozwa na mafuta yenyewe. Mafuta yakiwa kidogo kila siku, pampu hupata joto na umri wake hupungua, na maji na uchafu wa chini ya tenki hupata nafasi ya kuvutwa.

Kwa magari ya dizeli, dalili za filta ni zilezile. Mengi yana kikombe chini ya filta cha kukusanyia maji. Kina koki ndogo, ifungue mara kwa mara hadi yatoke mafuta matupu. Kazi hiyo ya dakika tano inaweza kuiokoa pampu ya dizeli, ambayo ni moja ya vipuri ghali kabisa vya gari.

Hewa: vumbi na ufa

Fungua boksi la eyakilina ulitazame kwenye mwanga. Barabara za vumbi za vijijini huliziba haraka kuliko kitabu cha gari kinavyosema. Lakini usiishie hapo. Fuatilia bomba la mpira linalotoka kwenye boksi hilo hadi kwenye injini, ulikunje kwa mikono na kutazama kama lina ufa. Hewa inayoingia kwa ufa haijapimwa na sensa, kwa hiyo kompyuta haiiwekei mafuta yake. Gari hutetema likisimama na hukosa nguvu linapoondoka. Fundi asiyetazama mpira huo anaweza kukuuzia sensa ya bei kubwa bure. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta, na hapa usemi huo ni wa kweli kabisa.

Sensa ya hewa yenyewe ikichafuka kwa vumbi hudanganya kompyuta. Kabla ya kuibadilisha isafishwe kwa dawa yake maalumu, isiguswe kwa kidole wala kusuguliwa kwa kitambaa, maana uzi wake ni mwembamba mno.

Cheche: hamisha, usinunue

Injini ikikosa cheche katika silinda moja hutetema kwa mpigo unaojirudia, na mlimani hupoteza robo ya nguvu kama ina silinda nne. Toa plagi zote na uzipange mezani kwa mpangilio zilivyotoka. Yenye rangi ya kahawia hafifu ni ya silinda iliyo sawa. Nyeusi kavu kama masizi inasema mafuta ni mengi au hewa ni kidogo. Nyeusi yenye utelezi wa oili inasema oili inaingia ndani ya silinda. Nyeupe iliyoungua inasema kuna joto kali au mafuta machache. Moja ikitofautiana na wenzake watatu, umekwisha kujua ugonjwa uko silinda ipi.

Katika injini kama 1NZ kila plagi ina koili yake. Hapo kuna kipimo kisichogharimu senti. Tuseme silinda ya pili ndiyo isiyowaka. Zima gari, hamisha koili ya pili uiweke ya tatu, na ya tatu uiweke ya pili. Washa. Kama ugonjwa umehamia silinda ya tatu, koili ndiyo mbovu, nunua moja. Kama umebaki silinda ya pili, koili ni nzima, basi hamisha plagi kwa njia hiyohiyo. Ukibaki tena, kinachofuata ni nozeli au mgandamizo. Kwa njia hiyo hununui kipuri mpaka kiwe kimekiri chenyewe.

Kuipuuza silinda isiyowaka kuna hasara nyingine. Petroli isiyochomwa huenda kuungulia ndani ya bomba la moshi, kwenye kile ambacho mafundi hukiita masega, na kukiyeyusha. Masega yakiziba moshi hauna pa kupitia, na injini hukosa pumzi kabisa: gari huwaka, lakini ukikanyaga mafuta mlio haupandi, na kadiri linavyopata moto ndivyo linavyozidi kulegea. Wengi hukata masega na kufurahia nguvu zilizorudi, bila kutafuta silinda iliyoyaua. Baada ya muda ugonjwa hurudi kwa sura nyingine, na mtaa mzima unavuta moshi huo.

Joto: mfuniko mdogo, hasara kubwa

Magari mengi huchemsha mlimani. Sababu moja haijulikani na wengi. Maji ya wazi huchemka kwa nyuzi 100 yakiwa usawa wa bahari, lakini Bugarama huchemka kwa nyuzi 93 hivi. Kinachoyazuia yasichemke mapema ndani ya rejeta ni mfuniko wake, ambao hubana mvuke na kuyawezesha kuvuka nyuzi 110 bila kuchemka. Mpira wa mfuniko ukikatika au springi ikilegea, gari lisilo na kosa jingine litachemsha mlimani na kupoa mjini. Anza na mfuniko kabla hujauziwa rejeta. Na kamwe usiufungue gari likiwa na moto, maana maji yale hubabua uso.

Usikubali pia ushauri wa kutoa themostati ili gari lipoe. Bila themostati injini hukawia kupata moto, kompyuta hudhani ni asubuhi ya baridi siku zote, nayo huongeza mafuta. Gari litakula zaidi na oili itachafuka upesi, huku chanzo cha joto kikiwa bado kipo.

Dalili za kuogopa ni hizi: maji hupungua bila kuvuja nje, mapovu huonekana katika rejeta mara gari linapowashwa, moshi mweupe hauishi hata injini ikiwa na moto, au oili imegeuka rangi ya maziwa. Hizo zinasema gasketi ya hedi imepasua. Usipande mlima na gari hilo hata kwa safari moja ya mwisho.

Mgandamizo: kabla ya kuhukumu injini

Fundi akikuambia injini imekwisha, mwombe aonyeshe kwa geji ya kompresheni. Plagi zote zitolewe, mafuta ya nozeli yakatwe, mlango wa hewa uwe wazi, na stata izungushwe kwa kila silinda. Namba yenyewe hupungua kidogo kwa mwinuko, kwa hiyo cha muhimu ni kulinganisha silinda kwa silinda. Zikipishana kwa chini ya baa moja, injini bado ni nzima. Moja ikiwa chini sana, mimina kijiko cha oili humo upime tena. Namba ikipanda, ringi za pistoni zimechoka. Isipopanda, tatizo liko kwenye valvu au gasketi. Kipimo hicho huchukua kama saa moja na kinaweza kukuepusha na kununua injini nzima.

Jambo jingine ni taimingi. Injini za zamani za Toyota kama 5A na 3S hutumia mkanda wa mpira, ambao kawaida hubadilishwa kila kilomita 100,000. Ukirukwa na jino moja gari hupoteza nguvu bila kuonyesha ugonjwa mwingine. Injini za 1NZ hutumia cheni, ambayo haina tarehe ya kubadilishwa lakini hulegea mapema ikiwa oili haibadilishwi.

Mashine ya kompyuta haisemi yote

Mashine za kusomea kompyuta ya gari zimeenea, na ni msaada mkubwa. Lakini mashine hutoa namba ya malalamiko, haitaji mkosaji. Namba P0302 inasema silinda ya pili haiwaki, haisemi kama ni plagi, koili, nozeli au valvu. P0171 inasema hewa ni nyingi kuliko mafuta. Inaweza kuwa mpira wenye ufa, filta iliyoziba au pampu dhaifu. Fundi anayesoma namba na papo hapo kutaja kipuri cha kununua hajamaliza kazi yake.

Aidha, magari mengi yaliyotengenezwa kwa soko la Japani katika miaka ya 1990 na mwanzoni mwa 2000 hayazungumzi lugha ya mashine za kawaida. Mashine ikishindwa kusoma si lazima kompyuta iwe imekufa. Toyota nyingi za wakati huo zina kiboksi kidogo chini ya boneti chenye matundu yaliyoandikwa TE1 na E1. Yakiunganishwa kwa kipande cha waya na swichi kufunguliwa bila kuwasha injini, taa ya injini kwenye dashibodi humweka na kuhesabu namba ya ugonjwa. Ikimweka mfululizo bila kupumzika, kompyuta haijaona kosa. Kazi hiyo ifanywe na anayeyajua matundu, maana kukosea tundu kunaweza kuunguza waya.

Taa ya injini ikiwa inamweka wakati gari linatembea, punguza mwendo na utafute pa kusimama. Katika magari mengi hiyo ni ishara kuwa kuna silinda isiyowaka kwa kiasi kinachoharibu masega.

Mlimani kuna maisha ya watu

Tusione haya kama hesabu za fedha tu. Burundi huendesha kulia, tofauti na Tanzania, lakini magari mengi ya Kijapani yana usukani upande wa kulia. Dereva wake haoni mbele ya lori mpaka atokeze gari karibu lote. Akianza kulipita na injini ikalegea katikati, hana pa kwenda. Anayejua gari lake halina nguvu asijaribu kupita lori mlimani, akubali kuchelewa.

Barabara hiyo pia ina vijana wa baiskeli wanaoshikilia nyuma ya malori ili wavutwe juu. Gari linalozimika ghafla na kurudi nyuma linarudi juu ya watu. Kwa hiyo msaidizi awe na kigingi cha kuzuia tairi tayari mkononi.

Wakati wa kushuka, wapo wanaozima injini au kuweka gia huru ili kuokoa mafuta. Injini ikizimwa, msaada wa breki huisha baada ya kukanyaga mara mbili au tatu, na usukani huwa mzito. Tena akiba yenyewe ni ndogo kuliko wanavyodhani. Gari lenye nozeli likishuka likiwa ndani ya gia, mguu ukiwa nje ya mafuta, kompyuta huyakata mafuta kabisa. Likiwa gia huru huendelea kuyachoma ili lisizimike. Gia ndogo ndiyo huokoa mafuta na breki kwa pamoja.

Jinsi ya kuzungumza na fundi

Fundi mzuri anahitaji habari. Usimwambie tu kuwa gari halina nguvu. Mwambie hivi: "Fundi, gari likiwa baridi halina shida. Likipata moto, nikifika mlimani kwa gia ya tatu linakohoa. Nikiondoa mguu linatulia. Lilianza juzi baada ya kuweka mafuta ya madumu, na taa haijawaka." Kwa maneno hayo machache umemwondolea nusu ya kazi.

Kisha kubaliana naye malipo ya kupima peke yake, mbali na ya kutengeneza. Fundi anayelipwa kwa kupima hana sababu ya kukimbilia kuuza kipuri. Dai kipuri cha zamani urudishiwe mkononi. Na kibadilishwe kimoja kwa wakati, gari lijaribiwe mlimani, ndipo kingine kifuate. Vikibadilishwa vitatu kwa pamoja gari likapona, hutajua ni kipi kilichokuwa kibovu, na utavilipia vyote tena mwakani.

Kwa anayenunua gari

Mwisho, neno kwa anayetaka kutoa akiba yake kununua gari. Fika asubuhi kabla halijawashwa, uguse injini kuhakikisha ni baridi, maana magonjwa mengi hujificha likishapashwa moto. Liwashe na utazame bomba la moshi. Moshi wa bluu ni oili inayoungua, mweusi ni mafuta yasiyochomwa vizuri, na mweupe usioisha ni maji. Chomoa kijiti cha oili, fungua mfuniko wa rejeta kabla halijapata joto, utazame vyote viwili.

Halafu omba mlipandishe RN1, wewe na muuzaji, japo kilomita kumi. Anayeliamini gari lake atakubali. Akikuambia mlima hauna haja, kwamba hapo mjini panatosha, mshukuru kwa heshima, funga pochi yako na utafute gari jingine.